Hela za majanga kwa wakulima: majina ya waliolipwa yaanikwe au ni siri ya mkulima?

mdadisi_wa_hesabu

Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila nikiligusa watu wanapandisha. Ukame ukipiga au mafuriko yakizoa mazao, serikali inatenga hela ya kuwashika mkono wakulima, hela hiyo ni kodi yetu sote, halafu ukiuliza kapewa nani na kapewa kiasi gani unajibiwa hizo ni taarifa binafsi za watu. Sasa nimekuwa nasomasoma nikakuta Marekani mambo ni tofauti kabisa, unaingia mtandaoni unaandika jina unaona huyu kalipwa dola kadhaa, mwaka fulani, kwa programu fulani. Ndiyo najiuliza wenzetu walifikaje hapo, na je kuweka majina wazi kunazuia wapigaji kweli au ni umbea tu wa kutaka kujua jirani kaingiza ngapi?

Jamaa yangu mmoja mkulima nilipomwambia haya alikuja juu, anasema "wewe hujawahi kuzika ng'ombe ndiyo maana unaona raha watu waanikwe". Kusema ukweli sikuwa na la kumjibu. Wenye uelewa karibuni, na kama kuna nchi ilijaribu ikakwama pia tuambieni.

Nyaraka_Tupu

Mkuu usidhani Marekani serikali iliamka asubuhi ikasema leo tuwe wawazi, ilibidi iburuzwe mahakamani. Gazeti la Washington Post liliishitaki Wizara ya Kilimo ya kule (USDA) likitaka majina ya waliolipwa ruzuku ya pamba, wizara ikaleta hoja hiyohiyo ya faragha, mwaka 1996 mahakama ikaona haki ya wananchi kujua hela yao inaenda wapi ina uzito zaidi. Baada ya mlango kufunguka shirika moja linaitwa EWG likaomba data kwa kutumia sheria yao ya uhuru wa taarifa, ile FOIA ya 1966, likakusanya rekodi na mwaka 2001 likazimwaga zote mtandaoni zikiwa na sehemu ya kutafuta jina. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana wakati huohuo Kongresi ilikuwa inajadili sheria mpya ya kilimo iliyokuja kupita 2002, kwa hiyo wabunge wanabishana huku wapiga kura wao wanasoma nani kalamba nini.

Halafu 2008 ikaja kesi nyingine, kampuni ya Multi Ag Media dhidi ya USDA. Hawa walitaka zaidi ya majina, walitaka data za mashamba yenyewe, ramani za kidijitali, ukubwa wa shamba, limelimwa nini. Mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Wakulima wakapiga kelele na mwaka huohuo Kongresi ikaweka kifungu cha 1619 kwenye sheria ya kilimo: ramani na habari alizotoa mkulima ili aingie kwenye programu ni siri, ofisa hazitoi. LAKINI kifungu hichohicho kinasema kiasi kilicholipwa, jina na anwani ya aliyelipwa havimo kwenye hiyo siri. Mimi naona waligawa vizuri tu, hela ni ya umma kwa hiyo umma uione, yaliyomo shambani ni yako baki nayo.

Ila usiwasifie sana. Kuna shimo kubwa pale linaitwa bima ya mazao. Serikali inalipia kama asilimia 60 ya ada ya bima, yaani mkulima analipa sehemu ndogo tu, na hapo majina hayatoki ng'o, sheria ya bima imeyafunga. Kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuonekana kwenye orodha kwa vijisenti vya ukame huku msaada mkubwa anaoupata kwenye bima hauonekani popote.

mama_wa_mizinga

Mimi nasimama na huyo mkulima jamaa yako, samahani kama nitawaudhi. Mnaongea kana kwamba fidia ni bahati nasibu. Fidia inamaanisha mtu amepoteza, na mara nyingi anacholipwa hakifiki nusu ya kilichokufa. Sasa wewe unaandika mtandaoni fulani kalipwa 40,000, huandiki kwamba alipoteza 120,000 na kwamba 30,000 ya hiyo ilienda moja kwa moja kwenye deni la pembejeo. Msomaji anaona 40,000 tu. Kesho anayemdai anagonga mlango, mashemeji wanapiga simu, na yule aliyekuwa anamuonea huruma juzi sasa anamuita mwizi.

Na jambo lingine, mwenye nyuki au kuku ambaye shughuli yake ni ndogo, ukishaonyesha kalipwa ngapi umeonyesha ana mizinga mingapi, hesabu ni kugawanya tu. Kwa hiyo hiyo siri ya shambani mnayosema mmeilinda hamjailinda. Mkitaka uwazi basi wekeni na hasara mle, safu kwa safu, watu waone pande zote mbili.

Kijana_wa_Ranchi

Mama hapo kwenye safu ya hasara nakuunga mkono kabisa, hiyo ndiyo inayokosekana.

Niko huku Marekani nafanya makaratasi ya ranchi, ngoja niwaeleze inavyokuwa mnyama akifa maana watu wanafikiri unasema tu ng'ombe wangu amekufa unapewa hela. Programu yenyewe inaitwa LIP. Baridi kali au mafuriko yakiua mifugo unapeleka taarifa ofisi ya kilimo ya kaunti, halafu unaanza kukusanya ushahidi: picha za mizoga, karatasi ya daktari wa mifugo, risiti za aliyekuja kuchukua mizoga, rekodi za mkopo wa benki zinazoonyesha ulikuwa na vichwa vingapi. Picha zenyewe ni kazi, unatembea kwenye matope unapiga picha hereni (ile namba ya utambulisho sikioni mwa ng'ombe) moja baada ya nyingine, na mzoga uliokaa siku kadhaa hereni haisomeki kirahisi. Usipokuwa na picha unatafuta shahidi asiye na maslahi aliyeona. Halafu wanakutolea vifo vya kawaida, yaani wanasema hata mwaka wa neema asilimia fulani ya ndama hufa, hao hulipwi. Kwa wanaobaki kiwango kinakokotolewa kwa asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko, na bei hiyo wizara ndiyo inaipanga na kuitangaza kwa kila aina ya mnyama.

Sasa utamu uko hapa. Anayepitisha madai yako ni kamati ya kaunti, wajumbe 3 hadi 11, na hao wamechaguliwa na wakulima wenzao. Yaani majirani zako! Wanaokujua, wanaojua ulinunua ng'ombe wangapi mnadani, na ambao wao pia wana madai yao mezani (dai lake likijadiliwa mjumbe anatakiwa akae pembeni). Kuna uzuri na ubaya. Uzuri huwezi kumdanganya jirani idadi ya mifugo yako. Ubaya, mkielewana vizuri mnaweza kudanganya wote pamoja, na hapo ndipo orodha ya majina inaposaidia kwa sababu mtu wa nje anaweza kuona koo tatu zinajirudia kila mwaka.

babu_kiraka

Vijana mnahangaika na wezi wadogo. Hela nyingi haziibiwi, zinalipwa KIHALALI kwa mtu asiyestahili na hapo ndipo pa kuchekesha na kulia.

Mfano huu ni wa kweli kabisa. Mwaka 2002 walianzisha programu ya kuwasaidia wafugaji kwa ajili ya ukame. Mwanzoni kaunti ilitakiwa iwe imetangazwa kuwa na ukame. Wanasiasa wakaona kaunti zao zimeachwa, mwaka 2003 Kongresi ikalegeza, kaunti yoyote iliyotangazwa eneo la janga inaingia, janga LOLOTE. Sasa Februari 2003 chombo cha anga Columbia kilipasuka wakati kinarudi duniani, vipande vikaanguka Texas, na kwa sababu ya vipande hivyo kaunti za huko zikatangazwa eneo la janga. Basi wafugaji wa huko wakastahili hela ya ukame!! Mvua inanyesha, nyasi zipo hadi magotini, hundi inaingia. Na hukutakiwa kuthibitisha hasara hata ya mbuzi mmoja, unalipwa kwa kichwa cha mnyama. Washington Post walipopiga hesabu 2006 wakakuta katika dola bilioni 1.2 za programu hiyo, zaidi ya milioni 635 zilienda maeneo yenye ukame wa wastani tu au yasiyo na ukame kabisa.

Sasa niambieni, orodha ya majina ingekuonyesha nini hapo? Kila jina ni mtu halisi, yu hai, ana ng'ombe kweli. Mwizi hayupo. Kilichooza ni kanuni. Gazeti liligundua kwa sababu lilichukua malipo likayalaza juu ya ramani ya mvua. Kwa hiyo mimi naanza na kanuni iwe wazi, kigezo cha kulipa kijulikane kabla hela haijatoka, majina baadaye.

Nyaraka_Tupu

Mzee nimekupata ila usiyadharau majina. Hao hao Marekani, 2007 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi (GAO) ilitoa ripoti kwamba kati ya 1999 na 2005 wizara ililipa dola bilioni 1.1 kwa majina ya watu waliokwishafariki. Marehemu! Sehemu yake ilikuwa halali maana mirathi inaruhusiwa kupokea kwa muda, lakini kama asilimia 40 ya hela hizo walilipwa watu waliokuwa wamekufa miaka mitatu au zaidi. Huyo marehemu ramani ya mvua haiwezi kumkamata, anakamatwa na jina.

Na kigezo kuwa wazi peke yake hakutoshi. Ile ranchi ya kijana wetu naamini wanalipwa na programu ya malisho, LFP. Kigezo chake kiko wazi kuliko yote, kinategemea ramani ya ukame inayotoka kila Alhamisi kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln na taasisi za serikali, ipo tangu 1999 na mtu yeyote anaiona. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa ukame mkali, daraja D2, ukikaa wiki 8 mfululizo unalipwa. Safi si ndiyo? Sasa soma maandishi madogo: sehemu YOYOTE ya kaunti. Kona moja ya kaunti ikauke wiki nane, kaunti nzima ilikuwa inastahili, na kaunti nyingine kule ni kubwa kama mkoa.

Kijana_wa_Ranchi

Hahaha umetupata. Ni kweli, ila na kinyume chake kipo, ramani inaweza kukuweka nje kwa sababu wewe ndiye kona iliyokauka na mchoraji hakukuona. Watu huku Alhamisi wanaisubiri ile ramani kama matokeo ya mtihani.

mdadisi_wa_hesabu

Daah, nilikuja na swali moja naondoka na kumi. Kwa hiyo kama nimewaelewa, jina linamkamata marehemu, kigezo kinakamata mwanasiasa, na hasara ikiandikwa inamlinda mkulima. Vipi Ulaya? Nimesikia mahakama yao iliwahi kusema majina marufuku.

sheria_na_shamba

Siyo marufuku kihivyo mkuu, ngoja nikunyooshee. Umoja wa Ulaya uliamua kila nchi ichapishe wanaopokea fedha za kilimo. Wakulima wa Ujerumani, jimbo la Hessen, wakapinga, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya na hukumu ikatoka Novemba 2010, inaitwa kesi ya Schecke. Mahakama ilisema uwazi ni jambo jema ila mmechapisha majina ya watu binafsi wote kwa mkupuo, bila kuangalia mtu kapokea mara ngapi, kwa muda gani, kiasi gani, hamkujaribu hata njia ya kuwaumiza kidogo zaidi. Kwa watu binafsi ikafuta, kwa makampuni ikaacha ilivyo. Baada ya hapo data za watu zikaondolewa.

Wakajipanga upya. Kanuni ya 2013 ikarudisha majina ya watu ila ikaweka kizingiti, mkulima mdogo anayepata chini ya euro 1,250 jina halitoki, na taarifa zinakaa mtandaoni miaka miwili tu halafu zinaondoka. Mama_wa_mizinga nadhani hii ingekufaa, mdogo anafunikwa, na mtu hafuatwi na hundi ya zamani maisha yake yote.

Lakini sasa angalia Ugiriki. Majina yanachapishwa kila mwaka kama kanuni inavyotaka, na bado ililipuka kashfa ya wakala wao wa malipo, OPEKEPE, watu wamekuwa wakidai ruzuku za malisho ambayo si yao, ardhi hawaimiliki wala hawaikodi, mifugo ipo kwenye karatasi. Magazeti yaliripoti hadi mashamba ya ndizi kwenye mlima Olympus, mlima wenye theluji. Mwaka 2025 waliwajibika hadi mawaziri, na Umoja wa Ulaya ukawapiga faini ya karibu euro milioni 392. Inawezekanaje majina yako wazi na bado? Kwa sababu orodha inasema fulani wa manispaa fulani kalipwa kiasi fulani. Haisemi kwa shamba LIPI. Ungeona kipande chenyewe kwenye ramani ungecheka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo Nyaraka_Tupu, ile 1619 unayoisifia ndiyo inayofunika ndizi za Olympus.

Nyaraka_Tupu

Duh, hapo umenikaba. Ila nitajitetea. Ramani ya shamba ikiwa wazi wa kwanza kuitumia si mwananchi, ni dalali wa ardhi, muuza mbolea na mshindani wake. Wale Multi Ag Media wenyewe walikuwa kampuni ya biashara ya kuuza taarifa za kilimo, si wanaharakati. Mkaguzi apewe kila kitu mpaka kipande cha shamba, sisi wengine tupewe majina na jumla kwa kila eneo dogo, si kwa kaunti nzima.

sheria_na_shamba

Mkaguzi wa Ugiriki alikuwa na kila kitu.

mama_wa_mizinga

Hilo la euro 1,250 nalikubali, nilikuwa silijui. Ila ninyi wote mnazungumzia watu wenye intaneti na muda wa kuchambua mafaili. Orodha kuwa kwenye tovuti halafu mkulima mwenyewe haioni ni uwazi wa nani? Anayejua kama yule kweli alipoteza mazao ni aliye naye kijijini.

babu_kiraka

Mama umenikumbusha India. Jimbo la Rajasthan miaka ya 90 kulikuwa na kazi za serikali za kusaidia watu wakati wa ukame, unachimba bwawa unalipwa ujira, na wapigaji walijaa kwenye madaftari ya malipo. Kikundi cha wakulima na vibarua kinaitwa MKSS kikapata nakala, na kuanzia 1994 kikawa kinaitisha mkutano wa hadhara, kinasoma daftari kwa sauti. Fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Fulani mwenyewe amekaa pale chini ya turubai anasimama anasema mimi sijawahi kufika kwenye hiyo kazi! Jina linalofuata, watu wanasema huyo tulishamzika. Kasomewa kila mtu, hata asiyejua kusoma kashiriki ukaguzi. Harakati zile zilichangia sana India kupata sheria ya haki ya taarifa 2005.

Tena pale hakuna aliyelalamika faragha, kwa sababu aliyekuwa anaona aibu ni karani.

mama_wa_mizinga

Sawa babu, ila ule ni ujira. Mtu kafanya kazi, kalipwa, hana la kuficha. Fidia ni kusomewa mbele ya kijiji kwamba umefilisika. Msome hasara kwa sauti kwanza, ndipo msome malipo.

mdadisi_wa_hesabu

Nimeanza kuchezea hiyo tovuti ya EWG. Kuna kaunti moja naona malipo ya janga ni makubwa kweli mwaka 2022, nikaangalia mvua za 2022 pale wala hazikuwa mbaya. Hapa nimekamata kitu au?

Kijana_wa_Ranchi

Tulia kwanza usiandike jina la mtu popote. Mwaka unaouona ni mwaka hela ilipotoka, si mwaka wa janga. Mwaka 2022 walilipa programu inaitwa ERP na ile ilikuwa ya hasara za 2020 na 2021. Huwa ni hivyo kwa hizi hela zinazopitishwa na Kongresi kwa dharura, watu wanaumia leo, wabunge wanabishana, hundi inafika mvua zimesharudi. Zile za karibuni ni mfano, hasara za 2023 na 2024, sheria ikasainiwa Desemba 2024, dirisha la maombi likafunguliwa Julai 2025. Kwa hiyo rudi nyuma mwaka mmoja au miwili ndiyo ulinganishe na mvua.

La pili, angalia kama hayo majina makubwa ni watu au ni kampuni na ubia. Ukomo wa malipo unahesabiwa kwa mtu, ubia wa watu sita una ukomo mara sita, ndiyo maana utaona jina moja lina namba ya kutisha kumbe ni ndugu watatu pamoja na wake zao. Na kinyume chake, mtu mmoja anaweza kuwa na mkono kwenye kampuni nne zenye majina tofauti na wewe ukaona wakulima wanne wadogo. Tafuta kwa anwani, si kwa jina tu, anwani ya posta ikijirudia ndiyo uanze kuuliza maswali.

mdadisi_wa_hesabu

Nimerudi 2020 na 2021. Kulikuwa na ukame, tena mbaya. Nafuta nilichokuwa nimeandika, naanza na anwani.